Sabaki Ndani ya Darasa: Mtandao na Ufundishaji katika Shule za Ganda

Wadi ya Ganda, iliyo magharibi ya mji wa Malindi katika Kaunti ya Kilifi, ni eneo la wakulima wa mahindi, mihogo, minazi na mikorosho, wengi wao Wagiriama, na shule zake za umma hufuata mtaala uleule wa taifa unaofuatwa Nairobi, Kisumu na Garissa, kwa vitabu vilivyoidhinishwa na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala nchini Kenya, inayojulikana kwa kifupi kama KICD. Kitabu kilichoandikiwa nchi nzima hulazimika kuchagua mifano michache, na hakiwezi kulaumiwa kikipita mbali na Mto Sabaki, Msitu wa Arabuko-Sokoke au magofu ya Gede, ingawa yote hayo yako karibu na mwanafunzi wa Ganda kuliko Ziwa Victoria na Mlima Kenya. Pengo hilo kati ya ukurasa na mahali ndilo linaloipa teknolojia ya elimu, yaani vifaa, programu na mbinu za kuvitumia katika kufundisha, kazi yake yenye manufaa zaidi. Kwa shule kama hizo, thamani ya mtandao haipimwi kwa idadi ya tabuleti zilizofungiwa kabatini, bali kwa jinsi mwalimu anavyoutumia kuleta darasani ushahidi ambao kitabu hakina, na hasa ushahidi unaohusu ardhi, maji na watu ambao mwanafunzi anaishi nao.

Kenya haikuanza jambo hili jana. Vipindi vya redio vya shule vimekuwa hewani tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, na vizazi kadhaa vya wanafunzi vilisikiliza masomo kwa pamoja huku mwalimu akisimama kando ya redio. Mwaka 2013 serikali mpya iliahidi tarakilishi kwa kila mtoto anayeingia darasa la kwanza, na baada ya mivutano ya zabuni mradi huo, uliokuja kuitwa Mpango wa Ujuzi wa Kidijitali, ulianza mwaka 2016 kwa majaribio katika shule 150 kabla ya kusambazwa nchini. Zaidi ya vifaa milioni 1 viligawiwa kwa shule za msingi za umma zaidi ya 20,000, na kila shule ilipata tabuleti za wanafunzi, tarakilishi za walimu, projekta, na seva, yaani tarakilishi inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vifaa vingine vilivyo karibu nayo. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 nao uliuweka ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wa msingi 7 ambao kila mwanafunzi anatakiwa kuupata. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona kuanzia Machi 2020, KICD ilitegemea redio, runinga na hazina yake ya masomo ya mtandaoni, na tofauti kati ya mtoto aliyekuwa na simu, umeme na bando na yule aliyekosa vyote vitatu ilionekana waziwazi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Historia hiyo ina funzo ambalo haifai kulipita haraka, kwa kuwa bado kuna viongozi, wafadhili na hata wazazi wanaoamini kwamba kununua kifaa ni sawa na kuboresha elimu. Nchini Peru, serikali iligawa tarakilishi ndogo kwa watoto wa shule za vijijini, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 haukupata dalili kwamba vifaa hivyo viliinua alama za hisabati wala za lugha. Hapa Kenya kuna ushahidi wa karibu zaidi, tena wa busara zaidi, kutoka Kaunti ya Kisumu. Watafiti wa mpango wa kusoma ulioutangulia ule wa Tusome walilinganisha shule zilizopewa vitabu, miongozo ya mwalimu na mafunzo ya kawaida na shule zilizoongezewa vifaa vya kielektroniki kwa njia 3 tofauti: katika kundi moja tabuleti zilipewa maafisa wanaotembelea shule, katika la pili zilipewa walimu, na katika la tatu wanafunzi wenyewe walipewa visomeo vya kielektroniki. Makundi yote yalifanya vizuri kuliko shule ambazo hazikupata chochote, lakini nyongeza ya vifaa haikuleta tofauti kubwa juu ya ile iliyoletwa na vitabu, mwongozo na mafunzo, ilhali gharama ilipanda. Mpango wa Tusome, ulipoenea nchi nzima kuanzia mwaka 2015, ulitoa tabuleti kwa maafisa wa kusaidia mtaala, ambao walizitumia kurekodi walichokiona darasani na kumpa mwalimu ushauri papo hapo, na kwa watoto ukatoa vitabu.

Mfano mwingine unatoka ng'ambo ya mpaka, katika Mkoa wa Tanga, na unaonyesha upande wa pili wa jambo. Katika shindano la kimataifa la programu za kujifunzia lililohitimishwa Mei 2019, watoto wapatao 3,000 katika vijiji takriban 170, wengi wao wasiowahi kwenda shule, walipewa tabuleti zenye masomo ya Kiswahili ya kusoma, kuandika na kuhesabu, wakaachwa wajifunze bila mwalimu kwa miezi 15. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa takriban nusu. Matokeo hayo yanastahili heshima, kwani yanathibitisha kwamba programu iliyotungwa kwa uangalifu, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, inaweza kumfaa asiye na mwalimu kabisa. Hata hivyo, yanathibitisha pia kwamba baada ya mwaka mmoja na robo karibu nusu ya watoto hao walibaki bila kusoma, jambo ambalo hakuna mzazi wa Ganda angelikubali kutoka kwa shule ya kijijini kwake. Tabuleti inaweza kupunguza madhara ya kukosa mwalimu, lakini haichukui nafasi yake.

Kwa nini mwalimu abaki kuwa kiini hata pale ambapo maarifa yote yanaonekana kupatikana kwenye simu? Jibu lililokubaliwa na wengi katika taaluma ya ualimu linatokana na kazi ya Lee Shulman, mtaalamu wa Marekani ambaye mwaka 1986 alieleza kwamba mwalimu mahiri ana aina ya ujuzi ambao mtaalamu wa somo hana: anajua ni wapi wanafunzi hukwama, ni mfano gani utawafungulia, na ni swali gani liulizwe kwanza. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler waliongezea teknolojia katika maelezo hayo, wakisema kwamba mwalimu anapaswa kuunganisha ujuzi wa somo, ujuzi wa kufundisha na ujuzi wa kifaa, na kwamba kuujua mmoja peke yake hakutoshi. Kwa lugha nyepesi, mwalimu anayejua kuwasha projekta lakini hajui kwa nini picha fulani ionyeshwe kabla ya maelezo na si baada yake, bado hajaanza kufundisha kwa teknolojia.

Mto unaoonekana kutoka angani

Mfano ulio bora kwa shule za Ganda unapita kaskazini mwa wadi yenyewe. Mto Sabaki huanzia nyanda za juu karibu na Nairobi ukiitwa Athi, huvuka nyika ya Tsavo ukiitwa Galana, kisha huingia Bahari ya Hindi kaskazini mwa Malindi, na mvua zinaponyesha bara hubeba udongo mwingi uliomomonyoka kutoka mashamba na malisho ya huko, hata maji ya ghuba ya Malindi yakageuka rangi ya kahawia iliyokolea wekundu. Kila mtoto aliyewahi kufika ufuoni ameiona rangi hiyo, ila asichoweza kukiona akiwa amesimama mchangani ni umbo na ukubwa wa wingu hilo la tope, na hapo ndipo picha za setilaiti zinapofanya kazi ambayo chaki haiwezi.

Setilaiti za Marekani za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia tangu mwaka 1972, na tangu mwaka 2008 picha zake hutolewa bila malipo. Zile za Ulaya ziitwazo Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku chache, na katika picha zake kila kisanduku kidogo kabisa, yaani kile kinachoitwa pikseli, huwakilisha mraba wa ardhi wenye upande wa mita 10. Mwalimu anayeandaa somo anaweza kuzifungua kwenye tovuti za umma kwa simu au tarakilishi, akachagua siku isiyokuwa na mawingu mengi, akapakua picha 2 za mlango wa Sabaki, moja ya msimu wa kaskazi na nyingine ya msimu wa kusi, na asubuhi yake akazionyesha darasani bila kuhitaji mtandao tena. Wakati wa kusi tope husukumwa kuelekea kaskazini, upande wa Mambrui, na wakati wa kaskazi huelekea kusini kwenye matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968. Mwanafunzi ambaye baba yake au mjomba wake ni mvuvi amezisikia pepo hizo zikitajwa tangu utotoni, na kwa mara ya kwanza anaona kazi ya pepo zenyewe ikiwa imechorwa juu ya maji.

Kutoka hapo somo hupanuka lenyewe. Katika hisabati wanafunzi huhesabu visanduku vilivyofunikwa na tope na kupata eneo lake, kwa kuwa kila kisanduku ni mita za mraba 100, na kilomita moja ya mraba ina visanduku 10,000. Katika sayansi huteka maji ya mto kwenye chupa ya plastiki, huyaacha yatulie, hupima unene wa udongo uliojikusanya chini, na hurudia kipimo hicho kabla ya masika na baada yake. Katika kilimo huuliza kwa nini matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyochimbwa Ukambani yanamhusu mvuvi wa Malindi. Katika jiografia hutazama mkusanyiko wa picha za Google Earth zinazoanzia mwaka 1984, ambamo mabadiliko ya ufuo na mlango wa mto huonekana mwaka baada ya mwaka, kisha huwauliza wazee jinsi ufuo ulivyokuwa zamani na kulinganisha majibu na picha. Hatua hii ya mwisho isiachwe, kwa sababu picha ya angani huonyesha kilichotokea bila kueleza sababu yake, na mara nyingi sababu imo katika kumbukumbu za watu.

Somo la namna hiyo halihitaji tabuleti kwa kila mtoto. Linahitaji mwalimu mmoja mwenye simu, projekta moja au karatasi zilizochapishwa, na chupa. Wanafunzi wa Kenya hawaruhusiwi kwenda na simu zao shuleni, na mpango wowote unaodhani kwamba kila mmoja atakuwa na kioo chake utagonga mwamba siku ya kwanza. Kwa hiyo ni afadhali masomo yapangwe tangu mwanzo kwa kioo kimoja na makundi ya wanafunzi 4 au 5, ambao hubishana juu ya wanachokiona kabla ya kuandika jibu. Mabishano hayo yana faida kuliko ukimya wa darasa ambalo kila mtoto ameinamia kifaa chake.

Urithi ulio mbali na urithi ulio karibu

Historia ya eneo hili nayo imetawanyika duniani kwa namna ambayo mtandao pekee ndio unaoweza kuikusanya mbele ya darasa. Vigango, yaani nguzo za mbao zilizochongwa kwa ukumbusho wa wazee wa Kigiriama wa chama cha Gohu baada ya kufariki, viliibwa kwa wingi makaburini katika miongo ya nyuma, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa sanaa na kuishia katika makumbusho ya Marekani. Mwaka 2014 Makumbusho ya Mazingira na Sayansi ya Denver yaliamua kurejesha vigango 30. Mwalimu wa historia au wa elimu ya jamii anaweza kuwaongoza wanafunzi katika orodha za mtandaoni za makumbusho mbalimbali, wakasoma jinsi kila kitu kilivyoelezwa, nani aliyekitoa na mwaka gani kiliingia, wakajiuliza ni maelezo gani yamekosekana na ni nani hakuulizwa. Ni vyema, kabla picha ya kigango haijatupwa ukutani, mwalimu ashauriane na wazee wa jamii, kwa kuwa kwa familia nyingi hicho ni kiti cha marehemu wao, na kukionyesha kama pambo ni kuwavunjia heshima.

Gede, mji wa mawe wa Waswahili ulioachwa karne ya 17 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, uko mwendo mfupi kusini mwa Ganda, na ziara ya miguu na macho haina mbadala. Hata hivyo, ramani na picha za mtandaoni humsaidia mwalimu kuandaa ziara hiyo kwa maswali, ili wanafunzi wafike wakijua wanachokitafuta katika visima, msikiti na kuta za jumba. Kwa wanaosoma fasihi ya Kiswahili, miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu ilipigwa picha kupitia mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, na Chuo cha SOAS cha London kina orodha na nakala za kidijitali za miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Mwanafunzi akiuona mkono wa mwandishi wa zamani, pamoja na doa la wino na nafasi ya ubeti, huelewa kwamba utenzi ulikuwa kitu kilichoshikwa, kikanakiliwa na kusomwa mbele za watu muda mrefu kabla haujafika katika karatasi ya mtihani.

Sayansi ya anga, ambayo kwa wengi huonekana kuwa mali ya nchi za mbali, ina mizizi hapahapa. Ngomeni, takriban kilomita 30 kaskazini mwa Malindi, ndiko kilipo kituo cha Italia ambacho kilirusha setilaiti kutoka majukwaa ya baharini kati ya mwaka 1967 na 1988. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru, na ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka kwenye nyota. Shirika la anga za juu la Marekani, NASA, limeweka maelezo ya chombo hicho mtandaoni kwa yeyote. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtoto wa Malindi anaweza kumaliza shule bila kusikia habari zake.

Zipo pia nyenzo zinazomfanya mwanafunzi kuwa mchangiaji wa maarifa. Ramani ya Ndege ya Kenya, inayokusanya kumbukumbu za watu wa kawaida na wataalamu, imeigawa nchi katika miraba yenye upande wa kilomita 9 hivi, na yeyote anaweza kuandika ndege aliowaona katika mraba wake. Kaunti ya Kilifi ndiyo makao pekee yanayojulikana duniani ya ndege mmoja wa jamii ya kwera, anayeishi Arabuko-Sokoke na msitu wa Dakatcha, na viota vyake viligunduliwa na wanasayansi mwaka 2013 tu. Habari hiyo ikifika darasani, mtoto huelewa kwamba maswali ya sayansi hayakwishi katika vitabu, na kwamba baadhi ya majibu yako katika vichaka alivyovizoea.

Mtandao usiohitaji mtandao

Kikwazo kinachotajwa kwanza na walimu ni bando na umeme. Nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilizofika Mombasa kuanzia mwaka 2009 zilishusha gharama za intaneti nchini, na fedha za mfuko wa huduma kwa wote unaosimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano zimetumika kuunganisha mamia ya shule za upili, lakini shule nyingi za msingi za vijijini bado hutegemea bando la mwalimu, linalotoka mfukoni mwake. Suluhisho lenye nguvu zaidi ni kuacha kudhani kwamba kila somo lazima lifanyike mtandao ukiwa hewani.

Programu ya Kiwix, iliyoanzishwa mwaka 2007, huwezesha Wikipedia nzima ya Kiswahili, yenye makumi ya maelfu ya makala, kupakuliwa kama faili moja na kusomwa kwenye simu au tarakilishi isiyo na intaneti. Programu ya Kolibri hufanya vivyo hivyo kwa video, mazoezi na vitabu: shule hupakua mkusanyiko mara moja, huuweka kwenye seva ndogo, na seva hiyo huusambaza darasani kwa Wi-Fi yake yenyewe, bila senti ya bando. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma programu hii imetumika kufundishia katika mazingira magumu kuliko ya Ganda. Kazi za majaribio za PhET, zilizoasisiwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado na mshindi wa Tuzo ya Nobel ya fizikia, Carl Wieman, huigiza mambo yasiyoonekana kwa macho kama mkondo wa umeme na mwendo wa chembechembe, nazo pia zinaweza kupakuliwa na kuendeshwa bila mtandao. Kwa sekondari msingi isiyo na maabara, kumwezesha mwanafunzi kubadilisha nguvu ya betri na kuona balbu iking'aa au kufifia ni bora kuliko mchoro ubaoni, ingawa betri halisi, waya na balbu, vikipatikana dukani, ni bora kuliko vyote viwili.

Shule nyingi za msingi tayari zina seva iliyokuja na vifaa vya serikali, na kinachokosekana mara nyingi ni mtu aliyepewa jukumu la kuijaza upya. Kupakua kuna faida nyingine. Mwaka 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na hazina zake za mtandaoni zikakosekana kwa muda mrefu. Mwalimu aliyekuwa amehifadhi nakala za masomo yake hakupoteza kitu.

Ruhusa ya kunakili huleta wasiwasi kwa walimu waangalifu. Nyenzo zinazoitwa rasilimali huria za elimu, jina lililopitishwa katika mkutano wa UNESCO mwaka 2002, ni zile ambazo mwenyewe ametangaza kwa leseni, mara nyingi ya Creative Commons, kwamba yeyote anaweza kuzitumia, kuzinakili na hata kuzibadilisha kwa masharti machache kama kumtaja mtunzi. Hadithi za watoto za mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, ziko katika kundi hilo, na zipo nyingi za Kiswahili. Uhuru wa kubadilisha ndio wenye uzito zaidi kwa Ganda, kwa sababu mtaala unaelekeza watoto wa gredi za chini wafundishwe kwa lugha inayozungumzwa katika eneo lao, nayo katika wadi hii ni Kigiriama, lugha ambayo maandishi yake mtandaoni ni haba mno. Mwalimu anayeijua vizuri anaweza kuifasiri hadithi huria, akaisoma darasani kesho yake, na akairudisha mtandaoni ili shule za Jilore, Kakuyuni na Magarini nazo ziitumie.

Tahadhari 2 zinahitajika. Ya kwanza ni ukweli wa kinachosomwa, kwa kuwa picha za kughushi na majibu yanayotungwa na programu za akili bandia huandikwa kwa ufasaha uleule wa mambo ya kweli, na njia ya kumzoesha mwanafunzi ni kumtaka kila mara alinganishe vyanzo 2 na kueleza nani aliyeandika na lini. Ya pili ni usalama wa watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazuia kutumia taarifa za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na mwaka 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza shule moja nchini faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini hiyo. Mwalimu anayefurahia somo lake na kuliweka kwenye Facebook au WhatsApp aonyeshe kazi za wanafunzi, asionyeshe nyuso zao.

Lililo gumu kuliko yote ni muda. Somo la Sabaki lililoelezwa hapo juu humchukua mwalimu jioni kadhaa kuliandaa kwa mara ya kwanza, na mwalimu mwenye madarasa makubwa, madaftari ya kusahihisha na fomu za tathmini za Tume ya Huduma kwa Walimu hana jioni hizo. Kumwongezea mafunzo ya siku 2 ya kutumia tarakilishi, kisha kumlaumu kwa kutoitumia, si haki. Kinachowezekana ni kugawana kazi: kila shule ya wadi iandae somo moja kwa muhula, maafisa wa kusaidia mtaala wayakusanye, na yote yawekwe kwenye seva ya kila shule, hivi kwamba baada ya mwaka mwalimu mmoja awe na masomo mengi yaliyojaribiwa na wenzake, juu ya mto wake, msitu wake na bahari yake.

Serikali ya Kaunti ya Kilifi, Chuo Kikuu cha Pwani na Makumbusho ya Taifa ya Kenya zina ramani, picha, rekodi za sauti na ripoti za eneo hili ambazo shule haziwezi kuzipata zenyewe. Zitoe nyenzo hizo kwa leseni huria, kwa Kiswahili na kwa Kigiriama, katika faili ndogo zinazobebeka kwenye kadi ya simu, na zimlipe mwalimu anayezigeuza kuwa masomo kama zinavyomlipa mtaalamu mwingine yeyote.